Marae za Polinesia: Jiwe, Neno na Kumbukumbu ya Jamii

Utangulizi

Katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1938, Te Rangi Hiroa, daktari na mwanaanthropolojia Mmaori kutoka Nyuzilandi aliyefahamika pia kwa jina la Peter Buck, anasimulia ziara yake katika kisiwa cha Ra'iatea. Kisiwa hiki kimo katika kundi la Visiwa vya Society, kiasi cha kilomita 200 kutoka Tahiti. Huko Opoa, kando ya bahari, ipo marae ya Taputapuatea, jukwaa la mawe ambalo mapokeo ya jamii kadha za Polinesia hulitaja kuwa kitovu cha dini ya mababu zao. Jina la kale la Ra'iatea ni Havai'i, nao Wamaori husimulia kwamba wahenga wao walitoka Hawaiki. Kwa hiyo, Te Rangi Hiroa hakwenda Opoa kutalii. Alikwenda kama mwana anayerejea kwa wazee wake. Mawe aliyakuta. Alichokikosa ni sauti. Hapakuwa na wa kumwita langoni, mlumbi wa kumkaribisha, wala mzee wa kumtajia nasaba. Aliondoka akiwa na huzuni iliyokaribia machozi, kwa kuwa wafu hawakuweza kusema naye.

Tukio hili linazua swali ambalo mwanafunzi wa fasihi simulizi hawezi kulipuuza. Je, mahali patakatifu ni mawe yake, au ni maneno yanayotamkwa juu ya mawe hayo? Makala haya yanaeleza marae ni nini, zilivyojengwa na dhima zilizotekeleza katika jamii za Polinesia. Aidha, yanadai kwamba marae ilikuwa kwanza uwanja wa neno, na kwamba historia ya kuanguka na kuinuka kwake ni historia ya kupotea na kurejea kwa wasemaji wake.

Jina na mahali

Polinesia ni eneo pana la Bahari ya Pasifiki linalochorwa kwa mfano wa pembetatu. Ncha ya kaskazini ni Hawaii, ya kusini-magharibi ni Nyuzilandi, na ya kusini-mashariki ni Rapa Nui, kisiwa ambacho wengi wamekizoea kwa jina la Kisiwa cha Pasaka. Mababu wa Wapolinesia walifika Tonga na Samoa takriban miaka 2,800 iliyopita. Baada ya karne nyingi walisafiri tena kuelekea mashariki, na kufikia karne ya 13 walikuwa wamekwishafika katika ncha zote tatu za pembetatu hiyo kwa mitumbwi iliyounganishwa miwili miwili.

Lugha za watu hawa ni za jamii ya Kiaustronesia, jamii ambayo pia inakijumuisha Kimalagasi cha Madagaska. Uhusiano huo haujifichi: jicho ni *maso* kwa Kimalagasi na *mata* kwa Kimaori, mbingu ni *lanitra* na *rangi*, tano ni *dimy* na *rima*. Msemaji wa Kiswahili hayuko mbali na familia hii kama anavyoweza kudhani. Kimalagasi nacho kina maneno kama *omby* (ng'ombe), *amboa* (mbwa) na *akoho* (kuku), ambayo wanaisimu huyahusisha na lugha za Kibantu za pwani ya Afrika Mashariki. Hali kadhalika, wataalamu wengi huona katika matengo ya ngalawa zetu athari ya mabaharia hao hao wa Kiaustronesia.

Neno *marae* lenyewe ni la kale. Katika Kitahiti na Kimaori ni *marae*, Kisamoa ni *malae*, Kitonga ni *mala'e*, na katika Visiwa vya Marquesas ni *me'ae*. Maana yake ya awali ni uwanja wa wazi ambapo watu hukutana. Huko Samoa na Tonga maana hiyo ingalipo: *malae* ni uwanja wa kijiji unaofanyiwa mikutano na sherehe. Katika visiwa vya mashariki uwanja huo uliongezewa mawe, ukawa mahali pa ibada. Rapa Nui jukwaa lenyewe, *ahu*, ndilo lililokuwa kiini cha ujenzi, na Hawaii mahali pa ibada paliitwa *heiau*. Pamoja na tofauti hizi zote, ikumbukwe kwamba uwanja ulitangulia jiwe. Watu walikutana na kusema kwanza. Kujenga kulifuata baadaye.

Umbo la marae

Marae ya Visiwa vya Society ilikuwa na sehemu mbili za msingi. Ya kwanza ni ua wa mstatili, wakati mwingine uliosakafiwa kwa mawe. Ya pili ni *ahu*, yaani jukwaa lililoinuliwa katika upande mmoja wa ua huo. Katika pwani za Tahiti aghalabu ua ulizungushiwa ukuta, na ahu ikapandishwa kwa ngazi. Ra'iatea na visiwa jirani hapakuwa na ukuta. Ahu ilizingirwa kwa mabamba makubwa ya matumbawe yaliyosimamishwa wima, na katikati pakajazwa kifusi. Ahu ya Taputapuatea ina urefu wa zaidi ya mita 40, na baadhi ya mabamba yake yanampita mtu kimo.

Ndani ya ua yalisimikwa mawe marefu. Hayo yalikuwa viegemeo vya machifu na makuhani wakati wa ibada, na kila kimoja kilikuwa na mwenyewe. Juu ya ahu palisimamishwa mbao zilizochongwa zilizoitwa *unu*, na karibu nayo palikuwa na vichanja vya sadaka pamoja na nyumba ndogo ya kuhifadhia miungu. Pembezoni ilikua miti iliyohusishwa na utakatifu wa mahali, ikiwemo mivinje na mitondoo, miti ambayo mwenyeji wa Lamu au Kwale angeitambua mara moja.

Miungu yenyewe haikuwa ya mawe. Huko Tahiti na Ra'iatea mungu aliwakilishwa na *to'o*, gogo la mti lililosokotewa kamba za makumbi ya nazi na kupambwa kwa manyoya mekundu, kisha likafungwa ndani ya mikeka. Lilifunguliwa kwa nadra, katika ibada maalumu iliyoitwa *pa'iatua*, na mbele ya wachache walioruhusiwa. Utakatifu huo ulilindwa na *tapu*, dhana inayokaribiana na mwiko katika Kiswahili. Kinyume chake ni *noa*, yaani hali ya kawaida isiyo na mwiko. *Mana*, ambayo ni nguvu na haiba itokayo kwa mababu na miungu, ilipokuwa kubwa, tapu nayo ilikuwa kali.

Mgeni asiyejua maneno ya mahali aliona vitu tu. Mnamo Julai 1769, Joseph Banks, mwanasayansi katika merikebu ya Kapteni James Cook, alifika Opoa. Alitia mkono katika mojawapo ya nyumba za miungu, akakuta kifurushi kilichofungwa kwa mikeka, akaanza kukichana kwa vidole mpaka akazuiwa na safu ngumu ya makumbi. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliacha pia kwa sababu wenyeji walikuwa wamechukizwa mno. Kwa Banks ule ulikuwa mfuko wenye kitu ndani. Kwa wenyeji ulikuwa uwepo wa mungu, na aliyestahili kuufungua alikuwa yule anayejua dua ya kuufungulia.

Marae kama hati ya nasaba

Dhima ya kwanza ya marae ilikuwa kuhifadhi nasaba. Kila ukoo wenye ardhi ulikuwa na marae yake, na kila marae ilikuwa na jina. Katika jamii isiyokuwa na hati za kuandikwa, mtu aliyedai ardhi au cheo alitakiwa kuitaja marae ya ukoo wake na kuonyesha, kizazi kwa kizazi, jinsi alivyoungana na wale walioijenga. Kiegemeo cha jiwe kilichokuwa uani kilimthibitisha. Lakini jiwe hilo halikuwa na maandishi. Bila mtu wa kulisemea, halikuweza kumtetea yeyote.

Kwa sababu hiyo walikuwapo watu ambao kazi yao ilikuwa kukumbuka. Tahiti waliitwa *haere-po*, maana yake wale wanaotembea usiku, kwa kuwa walifanya mazoezi ya kughani nasaba, visasili na dua gizani, wakitembea kandokando ya marae. Matini waliyoyahifadhi yalikuwa marefu na hayakuvumilia kosa. Mwandishi Mfaransa Victor Segalen, aliyefika Tahiti akiwa daktari wa jeshi la majini mwaka 1903, aliijenga riwaya yake ya *Les Immémoriaux* (1907) juu ya tukio hilo hilo: kijana haere-po anasahau neno wakati akighani mbele ya hadhira katika marae, na kutokana na kusahau huko maisha yake yote yanageuka. Hiyo ni kazi ya kubuni, lakini hofu iliyomo ndani yake ni ya kweli. Neno likianguka, nasaba inakatika; nasaba ikikatika, ardhi inakosa mwenyewe.

Nasaba hiyo haikufungwa na mipaka ya kisiwa. Ilikuwa desturi kwamba marae mpya inapojengwa mahali pengine, jiwe huchukuliwa kutoka marae ya asili na kutiwa katika msingi wake. Kwa njia hiyo jina la Taputapuatea lilisafiri: liko Tahiti na Mo'orea, na Nyuzilandi pia lipo kama jina la mahali. Jiwe moja likivushwa bahari, lilibeba nasaba nzima. Hata hivyo, jiwe lililochukuliwa Ra'iatea haliwezi kutofautishwa kwa macho na jiwe lolote jingine. Kinachofanya liwe la Taputapuatea ni simulizi ya safari yake.

Ushahidi wa nguvu ya mapokeo hayo ni Tupaia, kuhani na nahodha mzaliwa wa Ra'iatea aliyepanda merikebu ya Cook huko Tahiti mwaka 1769. Bila ya dira wala karatasi alikuwa na maarifa ya visiwa zaidi ya 70, ambavyo ramani yake ilivionyesha. Oktoba mwaka huo merikebu ilipofika Nyuzilandi, karibu kilomita 4,000 kutoka Tahiti, Tupaia aliwasemesha Wamaori nao wakamwelewa. Karne nyingi zilikuwa zimepita tangu jamii hizo mbili zitengane. Tupaia alifariki Batavia mwishoni mwa mwaka 1770, na sehemu kubwa ya aliyoyajua alizikwa nayo.

Miviga, mamlaka na damu

Dhima ya pili ya marae ilikuwa ya kisiasa. Taputapuatea iliwekwa wakfu kwa 'Oro, mungu aliyehusishwa na vita na pia na *arioi*, kundi la wasanii waliosafiri kutoka kisiwa hadi kisiwa wakicheza, wakiimba na kuigiza. Mtawala mkuu alisimikwa katika marae kwa kuvishwa *maro 'ura*, mshipi wa manyoya mekundu uliorefushwa kwa kila utawala mpya. Kwa mtu aliyefunzwa kuusoma, mshipi huo ulikuwa orodha ya wafalme. Hapa miviga, nasaba na mamlaka vilikutana katika uwanja mmoja.

Marae ingeweza pia kuwa chanzo cha vita. Kati ya mwaka 1766 na 1768, Purea, mwanamke mtawala wa Papara huko Tahiti, pamoja na mumewe Amo, walimjengea mtoto wao Teri'irere marae ya Mahaiatea. Cook na Banks waliipima mwaka 1769: ahu yake ilikuwa na ngazi 11, urefu wa mita zipatazo 81 na kimo cha takriban mita 13. Hakuna nyingine Tahiti iliyoikaribia. Ukubwa huo ulikuwa tamko kwamba mtoto huyo angewazidi wengine wote kwa cheo, na machifu wenzao walilielewa vyema. Mwishoni mwa mwaka 1768 Papara ilishambuliwa. Banks alipopita huko miezi michache baadaye, aliona mifupa ya binadamu imetapakaa ufukoni. Leo mahali pa Mahaiatea pamesalia rundo la mawe.

Hawaii nako, Kamehameha alijenga heiau ya Pu'ukoholā mwaka 1790 na 1791 kwa ajili ya mungu wa vita, kufuatia utabiri kwamba akiijenga ataviunganisha visiwa vyote. Mapokeo husema mawe yalipitishwa mkono kwa mkono na mlolongo wa watu kutoka bonde la mbali la Pololū. Hasimu wake Keōua alipofika kwa mwaliko wa kuizindua, aliuawa, na mwili wake ukatolewa kafara.

Kafara ya binadamu haiwezi kufichwa katika maelezo ya mada hii. Cook alishuhudia moja huko Tahiti mwaka 1777, iliyotolewa kabla ya vita dhidi ya Mo'orea. Waliotolewa hawakuwa machifu. Walikuwa watu wa tabaka la chini, ambao hawakuwa na wa kuwasemea. Hali kadhalika, wanawake kwa kawaida walizuiliwa kuingia katika marae kuu, ijapokuwa mwanamke kama Purea aliweza kuamuru ijengwe. Kwa hiyo, kuitukuza marae kama mahali pa umoja pekee ni kusoma nusu ya matini. Marae iliunganisha watu, na papo hapo iliwapanga kwa madaraja: nani anasema, nani ananyamaza, na nani analipia kwa uhai wake.

Nguvu ya neno la mtawala ilijidhihirisha hata katika lugha ya kila siku. Tahiti palikuwa na desturi ya *pi*, ambapo silabi za jina la mtawala zilikuwa mwiko kutamkwa katika maneno mengine. Ukoo wa Pomare uliposhika madaraka, *po* yenye maana ya usiku ilibadilishwa ikawa *ru'i*, na *mare* yenye maana ya kikohozi ikawa *hota*. Ni nadra kupata mfano ulio wazi zaidi wa siasa inayoingia hadi kwenye msamiati wa mtu anayekohoa nyumbani kwake.

Kuvunjika kwa neno

Wamisionari wa kwanza kutoka London walifika Tahiti mwaka 1797. Kwa miaka mingi walipata wafuasi wachache. Mambo yaligeuka Pomare wa Pili alipoikubali dini mpya na kushinda vita vya mwaka 1815. Baada ya ushindi huo sanamu zilichomwa, marae zikabomolewa au kuachwa, na mwaka 1816 Pomare akawakabidhi wamisionari miungu ya ukoo wake ipelekwe Uingereza. Hawaii mfumo wa miiko ulivunjwa mwaka 1819, baada ya kifo cha Kamehameha, na waliouvunja walikuwa watu wa nyumba yake: mwanawe Liholiho pamoja na wajane wake Ka'ahumanu na Keōpūolani. Wamisionari walifika huko mwaka uliofuata, wakakuta heiau nyingi zimekwishabomolewa.

Mifano hii inaonyesha kwamba marae hazikuangushwa na wageni peke yao. Viongozi wenyewe walihamisha neno kutoka uwanjani wakalipeleka kanisani na katika sheria zilizoandikwa. Jiwe liliachwa bila kazi. Baadhi ya matini yalinusurika kwa sababu tu yaliandikwa mapema. Misionari John Orsmond alikusanya kwa wazee wa Tahiti na visiwa jirani nyimbo, nasaba na visasili vingi, na mjukuu wake Teuira Henry akayatayarisha upya. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1928. Bila daftari hizo, mengi yanayojulikana leo juu ya ibada za marae yasingekuwapo.

Hasara kubwa kuliko zote ilitokea Rapa Nui. Kisiwa hicho kidogo kina ahu zinazozidi 200, na juu ya nyingi zilisimamishwa *moai*, sanamu za mababu zilizochongwa kwa mawe ya volkeno. Karibu zote ziliipa bahari mgongo na kuelekeza nyuso kijijini, kana kwamba zinawachunga watoto wao. Mwaka 1978 huko Anakena ilibainika kwamba zilitiwa macho ya matumbawe. Kufikia miaka ya 1860, baada ya misukosuko ya ndani, hakuna moai iliyosalia wima juu ya ahu yake.

Lakini sanamu zilizoanguka zinaweza kuinuliwa. Kilichotokea baada ya hapo hakikuweza kurekebishwa. Kati ya mwaka 1862 na 1863, meli za wateka-watumwa kutoka Peru zilichukua zaidi ya watu 1,000 wa kisiwa hicho, wakiwemo machifu na wataalamu wa mapokeo. Wengi walikufa huko. Wachache waliorudishwa walileta ndui. Mwaka 1877 walihesabiwa watu 111 tu. Rapa Nui ilikuwa na maandishi yake, *rongorongo*, yaliyochongwa juu ya mbao. Vipande vipatavyo 25 vimehifadhiwa katika makumbusho mbalimbali duniani, na mpaka leo hakuna aliyeweza kuvisoma. Aghalabu husemwa kwamba maandishi ndiyo kinga ya usahaulifu. Rapa Nui inatuonya kwamba hata maandishi hufa wasomaji wake wakifa.

Marae isiyo na jukwaa la mawe

Ajabu ni kwamba mahali ambapo marae ilijengwa kwa mawe machache zaidi ndipo ilipodumu vyema. Wamaori hawakujenga majukwaa makubwa ya mawe. Walijenga kwa mbao. Marae yao ni uwanja wa wazi uitwao *marae ātea*, na mbele yake husimama *wharenui*, nyumba ya kukutania ambayo ni mwili wa mhenga. Boriti ya paa ni uti wa mgongo, makombamoyo ni mbavu, mbao za mbele ni mikono iliyonyooshwa kuwapokea watu, na kinyago cha kileleni ni uso wake. Anayeingia humo anaingia kifuani mwa babu.

Mgeni haingii kwa kujipenyeza. Husubiri langoni mpaka mwanamke mwenyeji atoe *karanga*, mwito wa sauti ya juu unaowakaribisha walio hai na marehemu wao. Mwanamke wa upande wa wageni hujibu. Kisha hufuata *whaikōrero*, ulumbi rasmi, ambapo walumbi wa pande mbili hutaja milima, mito, mababu na wafu wa karibuni. Kila hotuba huungwa mkono kwa wimbo. Baada ya hapo watu hugusana pua na kula pamoja, na mgeni huwa si mgeni tena. Uwanja ni wa Tūmatauenga, mungu wa vita, hivyo maneno makali huruhusiwa hapo. Ndani ya nyumba ni kwa Rongo, mungu wa amani. Misiba huombolezwa papo hapo, marehemu akiwa amelazwa miongoni mwa jamaa zake, na husemeshwa moja kwa moja kama anayesikia.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi atatambua hapa vipengele vyote anavyovijua: fanani, hadhira, muktadha, utendaji na fomula za kufungulia na kufungia. Tofauti ni kwamba kosa la utendaji lina gharama. Mlumbi asiyeijua nasaba huaibisha ukoo mzima, na ukoo usio na mlumbi hulazimika kuazima wa jirani. Kwa hiyo lugha ilipofifia, marae ilitishika. Kufikia miaka ya 1970 watoto wa Kimaori waliolelewa kwa lugha yao walikuwa wachache mno. Jibu lilikuja mwaka 1982 kwa kuanzishwa kwa *kohanga reo*, yaani kiota cha lugha, ambapo watoto wadogo hulelewa kwa Kimaori tupu na wazee wanaokisema. Vingi vya viota hivyo vilianzia katika marae. Mwaka 1987 Kimaori kikawa lugha rasmi ya nchi. Uwanja uliokuwa ukitegemea lugha ndio ulioisaidia lugha kusimama.

Marejeo

Wahenga wa pwani yetu walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mwaka 1976 mtumbwi wa Hōkūle'a ulisafiri kutoka Hawaii hadi Tahiti bila vyombo vya kisasa, ukiongozwa na Mau Piailug, baharia wa Mikronesia aliyesoma nyota na mawimbi. Safari hiyo iliamsha ari katika Polinesia nzima. Mwaka 1995 mitumbwi kutoka Hawaii, Visiwa vya Cook, Nyuzilandi na Tahiti ilikusanyika Taputapuatea. Kwa mujibu wa mapokeo, zamani palikuwa na muungano wa visiwa uliokutana hapo, ukavunjika baada ya damu kumwagwa, na mwiko ukawekwa juu ya njia ya bahari. Waliofika mwaka 1995 walikuja kuuondoa. Walitaja nasaba na kuomba dua, kila kundi kwa lugha yake, na lugha hizo zikasikilizana kama zilivyosikilizana siku za Tupaia. Mahali ambapo Te Rangi Hiroa alikuta kimya, wajukuu wa mapokeo yale yale walikuta wa kuwajibu.

Rapa Nui nako, katika miaka ya 1990, moai 15 za Ahu Tongariki zilizokuwa zimetawanywa na mawimbi ya tsunami ya mwaka 1960 zilisimamishwa upya kwa kreni kutoka Japani. Mwaka 2017 Taputapuatea iliandikishwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Heshima hiyo inastahili, lakini ina mtego wake. Orodha hulinda mawe kwa wepesi kuliko inavyolinda maneno. Kreni inaweza kuinua sanamu ya makumi ya tani, ila haiwezi kurudisha jina la babu ambalo hakuna aliyelikumbuka.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba marae ilikuwa hekalu, mahakama ya ardhi, jukwaa la siasa na hifadhi ya nasaba kwa wakati mmoja, na kwamba kazi hizo zote zilitendeka kwa neno lililotamkwa. Tahiti neno lilipohama, mawe yalibaki yatima. Rapa Nui wasemaji walipotekwa, hata maandishi yalinyamaza. Nyuzilandi neno lilipolindwa, uwanja ulidumu bila ya jukwaa la mawe.

Kwa mtafiti wa fasihi simulizi, funzo ni la kivitendo. Kuandika matini bila kueleza mahali, msemaji na haki yake ya kusema ni kukusanya mawe. Kupiga picha mahali patakatifu bila kuuliza maneno yake ni vivyo hivyo. Vyote viwili vinapaswa kufanywa pamoja, na vifanywe wakati wanaojua wangali hai, kwa sababu swali ambalo Te Rangi Hiroa alikwenda nalo Opoa halikuwa gumu. Lilichelewa tu.